Maji ya Tangi la Bwana Meno

Siku uvumilivu wangu ulipokwisha nilikuwa nimebeba sinia la chai. Daktari alikuwa na mgeni kutoka Dar es Salaam, mkubwa wa mambo ya afya, soksi nyeupe mpaka magotini. Binti yangu Tumaini alikuwa amekaa kwenye kibao karibu na mlango, kwa sababu bibi yake alikwenda msibani na sikuwa na mahali pa kumwacha. Daktari akamwita kwa kidole. Mtoto akaenda, maana amefundishwa heshima. Akamshika kidevu, akamfungua mdomo kwa kidole gumba kama alivyofungua midomo ya nusu ya watu wa mlima huu, akamwambia mgeni kwa Kiingereza kwamba huyu ni mmoja wa wale walioachwa kwenye maji ya mfereji tangu kuzaliwa. Haya ni meno ya maziwa, akasema, hayatuambii mengi. Tunangoja ya pili.

Mgeni akauliza mama wa mtoto anasemaje juu ya jambo hilo.

"Mama yake ndiye huyu anayekuletea chai," Daktari akajibu, na wote wawili wakapokea vikombe.

Nimesoma mpaka darasa la kumi. Kiingereza nakisikia vizuri kuliko ninavyopenda. Daktari alilijua hilo, ndiyo sababu aliniajiri, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba alisahau. Nililiweka sinia sakafuni, katikati ya miguu yao. Nikatoa ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango, nikamshika Tumaini mkono, nikaenda nyuma ya jengo kwenye tangi la maji ya mvua na kufungua kufuli la koki. Mtoto akanywa kwenye viganja vyangu mpaka akacheua. Kisha nikajaza debe.

Daktari alitoka akasimama barazani. "Elinipa," akasema, "hayo ni maji ya maabara."

"Najua. Mimi ndiye niliyeyapima."

Nikajitwika debe, nikapita mbele ya mgeni, na mpaka leo sijarudi. Wengine hustaafu wakiwa na mvi, wakapewa hotuba na saa ya mezani. Mimi nimestaafu sijafika miaka thelathini, tena na debe ambalo si langu.

Nasikia kituo kimeajiri mabinti wawili mahali pangu. Mmoja wao alipita kwangu juzi akaniamkia vizuri, akauliza kazi ikoje. Nilianza kumweleza nikajikuta napiga kelele, akaaga mapema. Basi nimekaa niandike, mtasoma wenyewe kwa nafasi yenu. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa kiasi gani hayamo humu. Mkiyataka, muulizeni karani wa kituo, huwa anafurahi kuulizwa.

Lazima nianze na meno yangu, kwa sababu bila hayo hamtaelewa kitu. Nilizaliwa mteremkoni, juu ya barabara ya Nairobi, kwenye migomba na kahawa ya baba yangu, na nyumbani kwetu kila mtu ana meno ya rangi ya majani ya chai. Hatukujua kama ni kasoro. Nilipokwenda sekondari ya bweni, mbali na huku, nikalala chumba kimoja na wasichana wa pwani na wa ziwani, jioni ya kwanza nilicheka jambo fulani na msichana mmoja akaniambia, kwa upole kabisa, "Dada, sukutua, umebakiza tope." Sikuwa na tope. Tangu siku hiyo nacheka na mkono mdomoni. Niliwaonea wivu wasichana wale kwa miaka yote ya shule. Vitabu vyao na viatu vyao sikuvitaka. Nilitaka kucheka bila kutafuta mkono wangu uko wapi.

Kwa hiyo niliposikia kuna Mzungu amefungua kituo kando ya barabara, mji wa Arusha ukiwa nyuma yako na Ngaramtoni mbele, na kwamba anachunguza kwa nini watu wa Meru wana meno ya kahawia, sikungoja kuitwa. Watu walikuwa wameshampa jina, Bwana Meno. Aliniuliza swali moja kwa Kiingereza, nikamjibu kwa mkono mdomoni. Akaniambia niuondoe mkono, akatazama, akafurahi. Nikapata kazi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa siku ya soko Ngaramtoni. Tuliteremka kwenye Landrova, Daktari akaweka meza chini ya turubai, na kazi yangu ikawa kuwaomba watu wafungue midomo. Jaribuni nyinyi. Simama sokoni, ukiwa msichana usiyeolewa, umwambie mtu mzima aliyekuja kuuza mbuzi wake akuonyeshe meno. Mama mmoja wa Kiarusha, shanga mpaka mabegani, alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwamkia, nikamwita yeyo kama wanavyomwita mama kwa lugha yao, nikamweleza habari ya maji.

"Mtoto wangu," akasema, "mimi nikitaka kununua ng'ombe ndiyo namfungua mdomo. Huyu Mzungu wako ananinunua?"

"Hapana, yeyo. Anatazama tu."

"Anayetazama tu hushinda sokoni siku nzima na kurudi nyumbani mikono mitupu." Akafungua mdomo hata hivyo, akacheka, na meno yake yalikuwa kama yangu. "Mwambie amechelewa. Mwenye ng'ombe huyu alishalipa."

Wanawake wote waliokaa karibu wakacheka. Daktari akauliza wanacheka nini. Nikamwambia wanamshukuru kwa kuja. Kutafsiri ni kazi pia, na hakuna anayeikagua.

Kilichotafutwa kilikuwa chumvi moja itokayo kwenye mawe ya mlima, Daktari aliiita floridi. Haionekani, haina ladha, na kuchemsha maji hakuiondoi. Mtoto akinywa maji yenye chumvi hiyo nyingi, meno yake ya pili yanaharibika yakingali ndani ya ufizi, kabla hata hayajachungulia. Yakishatoka, umechelewa. Lishikeni vizuri jambo hili, maana hasira yangu yote imekaa hapo. Saa ya kumwokoa mtoto ni wakati meno yake bado meupe na mama yake hana wasiwasi.

Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Mzee Karimu, fundi wa maabara, Mhindi mzaliwa wa hapa mjini. Ndugu zake wana duka la vitambaa, yeye pekee ndiye aliyekataa kukaa nyuma ya kaunta, na nadhani walimsamehe lakini hawakusahau. Alikuja na baiskeli, suruali imebanwa kwa vibanio vya nguo. Kwanza alinifundisha chupa. Suuza chupa kwa maji yaleyale unayokwenda kuyachota, ukamwage upande wa chini, si juu ya mkondo. Andika jina la chemchemi kabla hujajaza. Ukijaza kwanza kisha uandike, utakuwa na chupa mbili zinazofanana na utajidanganya kwamba unakumbuka.

"Chupa isiyo na jina, binti, mwaga," alisema.

"Hata kama nimeifuata mpaka juu msituni?"

"Hasa hiyo. Maana hiyo utaipenda."

Alikuwa na sababu ya ukali wake. Kabla sijafika, mtu alitia tindikali kwenye chupa ya soda akaiacha dirishani, na mfagiaji akapiga funda moja. Hakufa, aliitema, lakini midomo yake ilibaki na makovu, na kila asubuhi alipotuamkia tuliyaona. Dawa haiwekwi kwenye chombo cha kinywaji. Nimeisema na Mzee Karimu ameisema. Mkikuta mtu anaifanya hata leo, mpigieni kelele kwa niaba yangu.

Kisha akanifundisha rangi. Unapanga mirija ya kioo mbele ya karatasi nyeupe, kwenye dirisha lisilopigwa na jua, unatia maji unayopima, halafu dawa moja nyekundu. Unaacha yatulie. Floridi ikiwa kidogo wekundu unabaki, ikizidi unafifia, unakuwa wa chungwa, mwisho wake manjano kabisa. Unalinganisha na mirija ya mfano pembeni. Maji ya juu ya mto Themi tuliyoyaleta yalibaki mekundu vizuri. Maji ya tangi la mvua, mekundu kama damu. Maji ya mfereji unaopita shambani kwa wakwe zangu, maana wakati huo nilikuwa nimeshaolewa, yaligeuka manjano nikiwa bado nimeshika chupa.

Mzee Karimu aliutazama ule mrija, akanitazama mimi. "Unakunywa haya?"

"Nimeolewa nayo," nikamjibu.

Kesi ngumu zilikuwa za miguu. Meno ni aibu, miguu ni maisha. Upande wa chini, ambako maji ni mabaya zaidi, palikuwa na mwanamke anaitwa Mama Lemayani, watoto wake wawili magoti yamepinda kwa ndani, wakitembea yanagongana. Majirani walikuwa wameshamtafutia mchawi, tena ndugu wa mume. Nilitumwa kumshawishi ampeleke yule mtoto mkubwa hospitali. Alikubali baada ya safari nyingi na maneno mengi. Huko wakamnyoosha mifupa, wakamfunga plasta, mtoto akalala kwa miezi, akarudi nyumbani miguu imenyooka, na mama yake alichinja mbuzi.

Mwaka uliofuata nilipita pale. Miguu ilikuwa inaanza kurudi ilivyokuwa. Hospitali ilimtibu vizuri ikamrudisha kwenye maji yaleyale, na hakuna aliyemwambia mama kitu kuhusu maji, kwa sababu waliotibu miguu walikuwa jengo moja na waliopima maji jengo jingine. Mama Lemayani hakulia. Aliniuliza, "Ulijua?" Nilisema Daktari ndiye mwenye kusema. Akasema, "Nimekuuliza wewe." Swali lake ndilo lililonifuata mpaka siku niliyokwenda kushtaki, mtaona.

Sasa nije kwa Ndeshi.

Ndeshi ni Mchaga, alikuja na mume wake dereva wa kituo, na mtoto mchanga mgongoni, Elibariki. Akaajiriwa kuosha vyombo vya maabara na kuwapokea kina mama. Walipewa nyumba ya watumishi, ile ya mabati nyuma ya tangi. Kwao maji yanatoka theluji ya Kilimanjaro na meno ya Ndeshi ni meupe kiasi cha kuudhi. Anapocheka anarusha kichwa nyuma na yote yanaonekana, mpaka ya mwisho. Kina mama walimpenda siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nimewabembeleza mwaka mzima na mkono mdomoni, wakadhani nina kiburi.

Haijapita wiki Daktari akamruhusu Ndeshi achote debe moja la maji ya tangi kila siku kwa ajili ya mtoto. Alimwita mbele yetu, akasema ni kwa sababu anakaa kiwanjani. Ndeshi akapiga magoti kushukuru. Kila asubuhi nilimkuta anafungua kufuli lile, anaimba wimbo wa kanisani, na maji yanapiga debe. Sauti hiyo niliichukia. Bado sikuwa na mtoto, nilichukia kwa akiba.

Tumaini alipozaliwa nilikwenda kwa Daktari na kanga mpya begani, nikaomba nami debe moja, hata nusu. Alinisikiliza, akapanga kalamu zake.

"Wewe unakaa mbali, Elinipa. Litamwagika njiani."

"Najua kubeba maji, Daktari. Nilianza kabla ya kujua kusoma."

"Na nikikupa wewe wa kijijini, kesho kijiji kizima kiko mlangoni. Unaelewa."

Nilielewa. Nilidhani nimeelewa. Nilidhani ni upendeleo, meno meupe yamependa meno meupe. Nikarudi nyumbani nikamnywesha mwanangu maji niliyoyaona kwa macho yangu yanageuka manjano. Wakati wa masika nilikinga mvua kwenye kila sufuria, lakini kiangazi huku ni kirefu, na paa letu lilikuwa la majani, maji yake yana rangi ya moshi. Kila baada ya muda nilitumwa kumpima Tumaini urefu na uzito pamoja na watoto wengine wa mteremkoni. Nilijua wote wanafuatiliwa. Nilidhani kufuatiliwa ni kutunzwa.

Miaka hiyo nilifanya kazi nzuri na nilikuwa na roho mbaya, na naomba mjue vyote viwili vinawezekana kwa pamoja. Nilikuwa namtazama Elibariki akicheza barazani na kuwaza, wewe utacheka ukiwa mkubwa. Ndeshi alinipa sabuni, alinipa mbegu za mboga, alimshonea Tumaini gauni la ubatizo. Nililipokea nikasema asante na gauni lilikuwa zuri, hilo nalo likaniudhi.

Kisha Elibariki akafika umri wa kung'oka meno. Ya mbele yakatoka, yakaja mapya. Asubuhi moja Ndeshi alimleta maabara akiwa amemshika mkono kama mtu aliyeokota kitu. Hakuwa anaimba.

"Mama Tumaini, njoo umtazame. Mimi naona vibaya au vipi?"

Nikamfungua mtoto mdomo. Meno mawili mapya, yamechungulia, na yana michirizi ya kahawia. Nimeona maelfu ya midomo, sikuhitaji mwanga.

"Hajawahi kunywa maji mengine," Ndeshi akasema. "Hajawahi. Hata tukienda kanisani nabeba chupa."

Sitadanganya kuhusu nilichohisi. Kwanza ilikuwa furaha, ikapita haraka kama mtu anayechungulia dirishani. Kisha nikaogopa. Kama tangi halikumwokoa yule, wangu ataokolewa na nini?

Daktari aliposikia alifanya jambo la akili, lazima niseme. Aliagiza kila kitu kinachoingia kwenye chungu cha Ndeshi kipimwe. Unga, chumvi, maharage, mboga. Mzee Karimu akapima siku nzima na mirija yote ilikaa myekundu au karibu, mpaka alipofika kwenye magadi. Mnayajua magadi, yale mabonge ya kijivu wanayouza kina mama Ngaramtoni, tunatia kwenye makande ili maharage yalainike. Mzee Karimu aliyeyusha kipande kidogo kama ukucha. Dawa ikageuka manjano papo hapo, kama hajaweka dawa nyekundu kabisa.

Na hapa ndipo penye kichekesho, kama una moyo wa kukicheka. Maji yetu mabaya ya mferejini yanalainisha maharage yenyewe, magadi kidogo yanatosha. Maji safi ya mvua hayalainishi hivyo. Ndeshi, kwa sababu alikuwa na maji mazuri, alitia magadi zaidi kuliko mwanamke yeyote wa mteremkoni, na makande yake yalisifiwa kituo kizima. Yule mtoto alinyimwa sumu kwa kikombe akapewa kwa bakuli. Hata Daktari mwenyewe aliyala makande hayo akaomba tena.

Nilidhani kesho yake tutakwenda sokoni na meza na turubai kuwatangazia watu. Daktari akasema hapana, bado, kwanza liandikwe vizuri, watoto wote walinganishwe, tusiwatie watu hofu kwa jambo nusu. Tusimwambie mtu. Mimi nilimwambia mama mkwe wangu jioni ileile. Kwa kawaida ukimwambia yeye huhitaji kutangaza sokoni, lakini hakuniamini, kwa hiyo hakutangaza. Niliacha kutia magadi, na yeye akakigeuza chakula cha jioni mdomoni kwa muda mrefu.

"Mkwe," akasema, "haya maharage ni ya kula au ya kupigia ndege?"

"Ni ya mjukuu wako, mama."

"Basi mpe kombeo."

Masika ikapita. Kina mama wakaendelea kununua magadi. Kisha akaja yule mgeni wa soksi nyeupe, na nilishawaeleza sinia likaishia wapi. Walioachwa kwenye maji ya mfereji, Daktari alisema. Walioachwa. Haikuwa umbali wala hofu ya kijiji kuja mlangoni. Alihitaji watoto wa tangi na watoto wa mfereji awaweke bega kwa bega. Ndeshi alipewa debe kwa sababu ileile iliyofanya mimi ninyimwe. Miaka yote ile nilimwonea wivu mwanamke ambaye mtoto wake alikuwa ubao mwingine wa mizani ileile.

Jumapili iliyofuata Ndeshi alipanda mpaka kwangu baada ya ibada. Tumaini alimkimbilia. Nilimkaribisha kigoda, nikampa chai ya maji ya lile debe, maana nilikuwa nalo bado.

"Wanasema umeiba," akaanza.

"Nimeiba. Onja."

Akanywa. Akatazama mfereji unavyopita chini ya migomba. "Mume wangu amenieleza alichosema Daktari. Alikuwa anapangusa gari, akasikia. Ni kweli mimi pia nilikuwa... kwamba Elibariki pia alikuwa ndani?"

"Upande mwingine wa kitu hicho hicho."

"Nilimpigia magoti, Mama Tumaini." Akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Ulinichukia kwa debe la maji."

"Nilikuchukia kwa meno kwanza. Debe lilikuja baadaye."

Akacheka, kichwa nyuma, yote nje. Kisha akajishika mdomo kwa mkono, kama mimi. Nadhani alimkumbuka mwanawe. Sikuwahi kutaka kumwona akifanya vile, ingawa nilidhani nataka.

"Nakwenda Boma kesho, kwa DC, kushtaki," nikamwambia. "Wewe usije. Una nyumba ya watu."

"Nyumba ya mabati ina joto," akasema.

Tulikwenda pamoja. Karani wa Boma, kijana mwenye wino kidoleni, alituuliza tunamshtaki nani, tukamtajia, akaweka kalamu chini. Akatushauri twende kwa mchungaji. Nikamwambia mchungaji hana ufunguo wa tangi. Akasema malalamiko ya watumishi hupitia kwa mkubwa wao, yaani kwa Daktari mwenyewe. Nikamwambia mimi si mtumishi tena, mimi ni mama, na kama kuna njia nyingine ya akina mama anionyeshe. Akatazama watu waliojipanga nyuma yetu, akasukuma karatasi. Niliandika mimi, kwa Kiswahili, ili Ndeshi asome kila neno kabla ya kutia sahihi. Alisoma taratibu, kidole kikifuata. Jina lake alilitia kwa mwandiko mzuri wa mviringo, mzuri kuliko wangu, na nikaona wivu ukinichoma palepale mbele ya karani. Si kwa mwandiko tu. Mimi nilikuwa nimeshaipoteza kazi, yeye alikuwa anaitoa. Nakala niliyobaki nayo ni hii.

Kwa Bwana Mganga Mkuu wa Jimbo, kwa mkono wa Bwana DC, Arusha.

Bwana,

Sisi tuliotia sahihi hapa chini ni mama wawili tuliofanya kazi katika kituo cha kupima maji, barabara ya Nairobi. Malalamiko yetu ni haya.

Kwamba watoto wetu waligawanywa, mmoja maji ya tangi na mmoja maji ya mfereji, ili meno yao yalinganishwe, nasi hatukuulizwa wala hatukuambiwa. Kwamba mama wa mtoto wa mfereji aliomba maji akaambiwa anakaa mbali, na hiyo haikuwa sababu. Kwamba mama wa mtoto wa tangi alipewa maji akaambiwa ni wema, na huo haukuwa wema. Kwamba wako watoto wengine wa mteremkoni waliowekwa hivyo hivyo, na mama zao hawajui mpaka leo.

Kwamba magadi yalijulikana kuwa mabaya kabla ya masika, na wanawake wa Ngaramtoni wanaendelea kuyauza na kuyapika kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Tunaomba kila mama mwenye mtoto anayefuatiliwa aitwe na kuelezwa kwa lugha yake. Tunaomba habari ya magadi itangazwe sokoni siku ya soko na makanisani siku ya ibada. Tunaomba mtoto anayetoka hospitali kunyooshwa miguu asirudishwe kwenye maji yaliyompinda bila mama yake kuambiwa. Tunaomba kufuli la tangi litolewe na maji yale wapewe watoto wadogo kwanza, chai ya wageni baadaye.

Mtoto Elibariki meno yake yameshatoka. Mtoto Tumaini bado. Jino lake la chini la mbele limeanza kulegea wiki hii, analisukuma kwa ulimi na kutuonyesha kwa furaha. Tunaomba jibu kabla halijang'oka.

Elinipa, mama wa Tumaini.

Ndeshi, mama wa Elibariki.